Mvua haisubiri Hazina: Ruzuku ya kilimo na hifadhi ya udongo Migori na Homa Bay

MWAKA wa fedha wa Serikali ya Kenya huanza Julai 1 na kukamilika Juni 30. Mwaka wa mkulima wa Migori na Homa Bay huanza mwishoni mwa Februari, mawingu yanapojikusanya juu ya Ziwa Victoria nyakati za alasiri na kila mwenye jembe akalinoa. Kalenda hizi mbili hazijawahi kupatanishwa, na katika pengo lililo kati yazo ndimo inamozama sehemu kubwa ya misaada ambayo Nairobi na wafadhili wake wamekuwa wakiwatengea wakulima wa kusini mwa Nyanza.

Si kwamba fedha hazitengwi. Katika taarifa ya bajeti iliyosomwa Juni 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi alitaja Sh8 bilioni za ruzuku ya mbolea na Sh10.2 bilioni za NAVCDP, mradi wa kuimarisha kilimo cha biashara miongoni mwa wakulima wadogo unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Bw Mbadi, aliyeteuliwa Agosti 2024, aliwahi kuwa mbunge wa Gwassi na baadaye Suba Kusini, katika Kaunti ya Homa Bay. Yeye hahitaji kuelezwa na mtu mvua ya masika hunyesha lini huko Gwassi.

Lililo gumu ni kuzifuata fedha hizo kutoka kwenye hotuba hadi shambani. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Homa Bay ina watu 1,131,950 nayo Migori 1,116,436. Kila moja ina wadi 40, na wengi wa wakazi wake hutegemea udongo au ziwa: miwa Awendo na Ndhiwa, viazi vitamu Kabondo, tumbaku Kuria, samaki Mbita na Muhuru, na mahindi kila mahali hata pale ambapo ardhi imekwisha kuyakataa.

Ruzuku ya mbolea ndiyo sura ya serikali ambayo mkulima huiona kwa karibu zaidi, nayo si jambo geni. Mnamo 2007 serikali ilianzisha mpango wa kuwafikishia wakulima wadogo pembejeo, na kupitia kitengo chake cha Kilimo Plus mkulima maskini alipewa bila malipo mbegu na mbolea ya kutosha ekari moja ya mahindi. Matarajio yalikuwa kwamba akishavuna atauza ziada na kujinunulia mwenyewe msimu unaofuata. Waliobuni mpango huo hawakumkadiria vya kutosha mchuuzi anayefika nyumbani wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa na karo ya shule ikidaiwa.

Septemba 2022, siku chache tu baada ya Rais William Ruto kuapishwa, ruzuku ilirejea kwa sura mpya. Gunia la kilo 50 lililokuwa likiuzwa kwa Sh6,000 na zaidi lilishushwa hadi Sh3,500, na mwaka uliofuata likashushwa tena hadi Sh2,500. Machifu na manaibu wao waliagizwa kuwasajili wakulima katika daftari la kitaifa la kidijitali, ambalo sasa lina majina zaidi ya milioni sita. Aliyesajiliwa hupokea ujumbe kwenye simu, hulipa, kisha huenda kuchukua mbolea katika ghala la Halmashauri ya Nafaka na Mazao au kituo kingine kilichoidhinishwa.

Utaratibu huo una sifa zake, na mwandishi huyu hatakuwa na kinyongo nao. Umewaondoa baadhi ya madalali waliokuwa wakinunua mbolea ya ruzuku kwa malori na kuiuza sokoni kwa bei maradufu. Daftari la majina, hata likiwa na makosa, ni bora kuliko orodha iliyokuwa ikiandikwa gizani katika ofisi ya mwanasiasa.

Hata hivyo, daftari humtambua mtu mmoja katika nyumba. Katika vijiji vya Karachuonyo au Nyatike, anayelima, anayepalilia na anayevuna kwa kawaida ni mwanamke, ilhali ardhi ingali kwa jina la mume, la baba mkwe, au hata la babu aliyefariki miaka thelathini iliyopita bila mirathi kushughulikiwa. Mume akiwa ndiye aliyesajiliwa, ujumbe wa mbolea huingia katika simu yake, naye huenda yuko Kisumu au Nairobi akitafuta kibarua. Ujumbe huo una muda wake wa kutumika. Usipotumika kwa wakati, gunia la mwanamke aliye shambani hubaki ghalani.

Kisha kuna nauli. Gunia la Sh2,500 ni la bei hiyo likiwa bado ghalani. Mkulima wa Muhuru au wa visiwani huongeza gharama ya matatu na bodaboda, pamoja na siku nzima ya kazi iliyopotea. Mwenye ekari kumi hukodi gari moja na kuigawa gharama hiyo kwa magunia yote. Mwenye robo ekari hubeba nusu ya faida ya ruzuku mabegani mwa mwendeshaji wa pikipiki.

Nalo suala la wakati ndilo zito kuliko yote. Mbolea ya kupandia inahitajika siku mbegu inapoingia ardhini. Ikifika Aprili katika eneo lililopanda Machi mosi, haina tena kazi iliyokusudiwa. Mkulima wa Uasin Gishu au Trans Nzoia huvuna mara moja kwa mwaka na hupanda baadaye kidogo, na ratiba ya usambazaji ya kitaifa imeelekea kumfuata yeye kwa sababu ndiye anayelisha maghala ya nchi. Kusini mwa Nyanza kuna misimu miwili, wa masika na wa vuli, na kila mmoja una dirisha jembamba la kupanda.

Mwaka 2024 ulileta aibu nyingine. Mnamo Machi, uchunguzi wa wanahabari ulifichua kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kama mbolea ya ruzuku hayakuwa mbolea. Bunge la Taifa lilipiga kura Mei 2 kumchunguza Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi. Siku kumi na moja baadaye kamati ya wabunge 11 ikaamua kwa wingi wa kura kwamba tuhuma dhidi yake hazikuthibitishwa. Aliondoka serikalini Julai mwaka huo, karibu baraza lote la mawaziri lilipovunjwa kufuatia maandamano ya vijana. Wakulima walioathiriwa waliahidiwa fidia. Lakini msimu hauna fidia. Aliyepanda kwa vumbi mwezi Machi alikwisha kujua ukweli kutokana na rangi ya mahindi yake kabla ya kamati kuketi.

Tuseme sasa kwamba mbolea imefika kwa wakati, ikiwa halisi, katika mikono ya aliyeihitaji. Je, udongo utaipokea?

Hapa ndipo mjadala wetu wa kitaifa hukatika. Uchunguzi wa udongo uliofanywa na wataalamu wa serikali na kutolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asidi ni tatizo katika sehemu nyingi zinazolima mahindi, hasa magharibi mwa nchi. Udongo wenye asidi nyingi huifunga fosforasi, hivi kwamba mmea huzungukwa na chakula usichoweza kukila. Mbolea ya DAP, ambayo kwa vizazi viwili imekuwa ndiyo maana ya neno mbolea vijijini, huongeza asidi hiyo inapotumiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa. Kwa maneno mengine, ruzuku inaweza kugharamia ugonjwa ambao idara nyingine ya serikali hiyo hiyo inatafuta fedha za kuutibu.

Tena kuna kiduha, gugu ambalo Waluo huliita kayongo. Maua yake ya zambarau hupendeza macho ya mgeni. Mwenyeji akiyaona hujua kuwa chini ya ardhi mizizi ya mahindi inanyonywa. Gugu hili hustawi pale udongo ulipochoka, na mbegu zake huweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja mahindi, mtama au wimbi vipandwe. Gunia moja la mbolea kwa mwaka halitaling'oa.

Dawa mojawapo iligunduliwa papa hapa. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Mbita, ambacho leo kina jina la mwanzilishi wake, Profesa Thomas Odhiambo, watafiti wakiongozwa na Dkt Zeyaur Khan na wenzao wa taasisi ya Rothamsted ya Uingereza pamoja na watafiti wa kilimo wa serikali, walibuni katika miaka ya 1990 mbinu inayojulikana kama vuta-sukuma. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake huwasukuma mbali vipepeo wa viwavi wanaotoboa mabua, na mizizi yake huzuia kiduha. Matete ya kulisha mifugo, yaliyopandwa kuzunguka shamba, huwavuta vipepeo hao wakatage mayai huko.

Si hayo tu. Desmodiamu hufunika ardhi, hivyo tone la mvua halipigi udongo mtupu. Huongeza naitrojeni, na pamoja na matete humpa ng'ombe malisho. Ni hifadhi ya udongo na ni kilimo, yote katika robo ekari moja, bila mtu kuambiwa aache kulima ili ahifadhi. Maelfu ya wakulima wa Afrika Mashariki wameipokea.

Lakini tazama inavyohudumiwa. Ruzuku ya 2022 ilikuwa ya magunia ya mbolea. Mbegu ya desmodiamu ni haba na ghali, na mbinu yenyewe humtaka mkulima avumilie msimu wa kwanza wenye kazi nyingi kabla ya kuona faida. Anahitaji mtu wa kumrudia shambani mara tatu au nne. Kiwango kinachopendekezwa ni afisa mmoja wa kilimo wa nyanjani kwa wakulima 400. Kenya iko mbali sana na kiwango hicho. Gunia hupigwa picha likikabidhiwa. Ziara ya nne ya afisa wa nyanjani haina mpiga picha.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hifadhi ya udongo haijawa na nguvu za kisiasa kama mbolea. Historia inajibu kwa sehemu. Chini ya utawala wa Waingereza, matuta yalichimbwa kwa amri na wanakijiji wakafanyishwa kazi hiyo bila ujira, kiasi kwamba katika sehemu nyingi za nchi kuyabomoa kulikuwa ishara ya uhuru. Kuanzia 1974 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilijaribu njia ya upole: maafisa waliwafundisha wakulima kupima miinuko, kuchimba makingamaji na kupanda majani ya kushikilia udongo. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 2000. Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kudumu ya hifadhi ya udongo na upandaji miti mwaka 1981, na picha zake akijenga gabioni wengi wetu tuliokua wakati huo tunazikumbuka. Mfadhili alipoondoka, nayo bajeti ya nyanjani ikakauka, mifereji mingi ilijaa mchanga.

Kisa cha mabwawa ya samaki hakiko mbali na hicho. Mpango wa kuchochea uchumi wa 2009 uliagiza mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa. Yalichimbwa kwa kasi ya ajabu, na mengi yakaachwa yawe makazi ya vyura kwa kukosa chakula cha samaki na wanunuzi. Mpango uliofuata wa ufugaji samaki, unaofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo katika kaunti 15 zikiwemo Homa Bay na Migori, umejaribu kuanza na soko badala ya shimo.

Leo fedha za hifadhi hupitia zaidi katika milango miwili. Wa kwanza ni miradi ya Benki ya Dunia ya kilimo: NARIGP, iliyoidhinishwa 2016 kwa kaunti 21, na mrithi wake NAVCDP, aliyeidhinishwa 2022. Kaunti zetu mbili zimo katika yote. Vikundi vya wakulima viliandika mipango yao, vikapewa ruzuku, na sasa vinahimizwa kuungana katika vyama vya akiba na mikopo vya wadi.

Mlango wa pili ni FLLoCA, mpango wa kugharamia hatua za tabianchi mashinani, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2021 kwa dola milioni 150 huku mataifa mengine ya Ulaya yakiongeza fungu lao. Masharti yake ni mazuri kuyasoma. Kaunti yapaswa kuwa na sheria ya mfuko wa tabianchi, itenge sehemu ya bajeti yake ya maendeleo, na iwe na kamati za wadi zinazochaguliwa na wananchi kuamua wanachohitaji. Kwa mara ya kwanza mwanakijiji wa Kanyamkago ana kiti rasmi katika mazungumzo ya fedha za hifadhi.

Kamati hizo zikiketi, mara nyingi huomba kisima, tangi au kitalu cha miche. Si ajabu. Kisima ni cha wote na huonekana. Tuta lililoko katika shamba la jirani huonekana kuwa mali ya jirani, hata kama maji yanayotoka kwake ndiyo yanayochimba korongo katika shamba lako.

Na hapo tunarejea kwenye kalenda. Fedha hizi zote mbili huzifikia kaunti kama mgao wa ziada wenye masharti, nje ya fungu la kawaida ambalo katika mwaka wa 2022/23 lilikuwa takriban Sh7.8 bilioni kwa Homa Bay na Sh8 bilioni kwa Migori. Mgao huo wa ziada sharti uwe na sheria yake, inayopitishwa na Seneti na Bunge la Taifa. Mahakama ilipoamua kuwa fedha hizo haziwezi tena kubebwa ndani ya sheria ya ugavi wa mapato, na Bunge likachelewa kutunga sheria mbadala, kaunti zilizikosa katika mwaka wa fedha wa 2021/22. Mwaka wa 2024/25 mabunge mawili yalishikana mashati kuhusu Sh10.5 bilioni za ushuru wa ukarabati wa barabara, magavana wakizidai na wabunge wakizikatalia. Mswada ulikwama, na pamoja nao zikakwama fedha za wakulima ambazo hakuna upande uliokuwa ukizigombania.

Hebu tufuate kile kinachotokea wadini. Kamati imekubaliana kupanda miche na kuchimba makingamaji kabla ya masika. Februari inapita, fedha hazipo. Machi na Aprili mvua inanyesha na kuondoka na udongo. Mei au Juni, siku chache kabla ya vitabu kufungwa, fedha zinaingia na amri ni moja: zitumieni. Zabuni zinatolewa kwa pupa, miche inanunuliwa, na inapandwa wakati mvua inaisha. Ripoti itasema kwamba miche yote ilipandwa, na itakuwa imesema kweli. Wahenga walinena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa huumiza pia mizizi.

Serikali inajua kuzingatia majira inapotaka. Sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti iliyotangazwa Novemba 13, 2023 iliangukia katikati ya vuli, mahali pake hasa. Lakini sikukuu ni ya siku moja. Aidha, mkulima anayepewa hiari hupanda mikaratusi kwa sababu huuzika upesi kama nguzo na kuni, hata kandokando ya chemchemi ambako haifai kabisa. Kumlaumu ni rahisi kuliko kumpa mti mwingine unaolipa.

Ipo pia mipaka ambayo hakuna kamati ya wadi inayoweza kuivuka. Mto Kuja, unaojulikana kama Gucha katika sehemu zake za juu, hutelemka kutoka milima ya Kisii na Nyamira, ukakutana na Mto Migori na kumimina maji yake ziwani huko Nyatike. Udongo unaojaa katika mkondo wa chini na kuyasukuma maji kwenye makazi ya watu ulilimwa katika kaunti nyingine. Wakulima wa mradi wa umwagiliaji wa Kuja ya Chini wanaweza kuzibua mifereji yao kila mwaka hadi uzeeni. Kinachohitajika ni mkulima wa mlimani alipwe kwa ajili ya mtu wa bondeni, na hadi sasa sheria zetu za bajeti huona kaunti, hazioni mto.

Kabla ya kuilaumu serikali peke yake, ni vyema tukaitazame Kuria, kwa maana huko kuna aliyeifahamu kalenda ya mkulima tangu zamani: kampuni ya tumbaku.

Migori ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa zao hilo. Wengi wa waliolilima wamekuwa wakieleza kwamba faida ni kidogo, kazi huchukua zaidi ya nusu mwaka, na watoto huugua kwa kushika majani mabichi. Kukausha majani huhitaji kuni kwa wingi, na vilima vilivyokuwa na vichaka sasa vimebaki mawe. Kwa nini basi waliendelea? Kwa sababu kampuni ilileta mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo hadi karibu na boma, kabla ya mvua, na mwishoni ikanunua. Ilikata deni lake kwanza, na ilipanga bei yenyewe. Ila ilifika. Mkulima alichagua deni linalojulikana badala ya ahadi isiyokuwa na tarehe.

Kenya iliuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004 na kutunga sheria yake mwaka 2007. Mkataba huo unazitaka nchi ziwasaidie wakulima kupata mazao mbadala. Ilikuwa hadi 2022 ndipo Shirika la Afya Duniani, lile la Chakula na Kilimo, na Mpango wa Chakula Duniani, wakishirikiana na serikali, walipoanza Migori mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku. Wakulima walipewa mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, mafunzo, na jambo la maana kuliko yote, mnunuzi aliyejulikana mapema.

Maharagwe hukomaa kwa takribani miezi mitatu na hupandwa misimu yote miwili. Hayahitaji tanuri. Ni mmea wa jamii ya kunde, hivyo huurudishia udongo kitu badala ya kuunyang'anya tu. Katika safari yetu hii yote ya ruzuku, hapa ndipo msaada wa kilimo na hifadhi ya mazingira vilipokaa katika gunia moja, na haukuhitaji mkulima aitwe mhifadhi.

Hofu yangu ni kuhusu mnunuzi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekumbwa na upungufu mkubwa wa fedha tangu 2025, na hakuna kijiji kinachoweza kujenga maisha yake juu ya bajeti ya Roma au Geneva. Iwapo shule za bweni na hospitali za Migori na Homa Bay zingetia saini mikataba ya kununua maharagwe hayo kabla ya mbegu kupandwa, mpango ungekuwa na miguu yake. Kaunti hununua maharagwe kila muhula. Swali ni kutoka kwa nani.

Mataifa mengine yamewahi kuufunga uzi huu. Marekani, baada ya vumbi la miaka ya 1930 kufukia mashamba ya nyanda zake, iliunda idara ya kuhifadhi udongo mwaka 1935. Sheria yake ya 1985 ilikwenda mbali zaidi: anayelima ardhi inayomomonyoka upesi bila mpango wa kuihifadhi hupoteza haki ya ruzuku. Siioni sheria hiyo ikifaa hapa kama ilivyo. Mkulima mwenye ekari moja na watoto sita hawezi kuadhibiwa kwa umaskini wake, na kumbukumbu ya matuta ya amri bado haijafutika. Lakini yaweza kugeuzwa iwe tuzo. Aliyechimba makingamaji au aliyepanda desmodiamu apate chokaa na mbegu kwa bei ya ruzuku, na daftari lile lile la simu limtambue, mwanamke aliye shambani kwanza.

Ama kuhusu wakati, dawa haihitaji Katiba kubadilishwa. Fedha za kawaida za kaunti zisizotumika hurejeshwa mwaka wa fedha unapokwisha, lakini sheria ya kuunda mfuko maalumu inaweza kuruhusu salio libaki humo. Mfuko wa tabianchi ukitunzwa hivyo, fedha zilizochelewa hadi Juni hazina haja ya kuteketezwa Juni. Zinaweza kungoja vuli ya Septemba, au hata masika yanayofuata. Wawakilishi wa wadi wa Homa Bay na Migori wana mamlaka ya kulihakikisha hilo wao wenyewe, bila kumngoja mbunge yeyote.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 huzitaka kaunti ziwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, mwongozo wa sera ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mwongozo huo, ambao ndio huamua kilimo kitapata kiasi gani, huitishwa katika majuma yaleyale ambayo mashamba ya Uriri, Rangwe na Ndhiwa yanatayarishwa kwa masika. Ukumbini huketi wafanyabiashara, wanakandarasi na vijana wa wanasiasa. Wakulima wengi siku hiyo wako shambani.